Deni si lako, lakini jina ni lako

Msomaji, wiki iliyopita uliandika nambari ya kitambulisho chako mara ngapi? Jaribu kuhesabu. Jumatatu ulipoingia katika lile jumba la ofisi mjini, bawabu alikusukumia kitabu ukaandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Jumatano ulipotoa pesa kwa wakala ukaandika tena, ukatia na sahihi. Ijumaa ulitengeneza nakala ya kitambulisho ya kupeleka shuleni kwa mtoto, na ile iliyotoka na weusi ukaiacha palepale kwa mpiga fotokopi. Waliovitazama vitabu hivyo baada yako ni wangapi? Hujui, na wala mimi sijui kuhusu vyangu.

Jirani yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi ambaye jina lake nitalibana kwa sababu utakazoziona hapo mbele, naye hakuwa akihesabu. Januari 2024 kitinda mimba wake aliitwa kidato cha kwanza. Kundi hilo ndilo lililofanya mtihani wa mwisho wa KCPE, na mwalimu alifurahi sana kwamba mtoto wake alikuwa amepata shule nzuri ya malazi. Karo, sare, godoro na sanduku, alipiga hesabu akaona anahitaji Sh80,000. Hilo halikumtia wasiwasi. Alikuwa mwanachama wa sacco kwa miaka kumi na minne, na kila mkopo aliowahi kuchukua aliulipa hadi shilingi ya mwisho.

"Mwalimu, mbona hukutwambia una madeni mengine?" akauliza karani wa mikopo, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Madeni gani?"

Karani akaigeuza kompyuta kidogo. Mikopo mitatu ya simu, yote haijalipwa: Sh4,200, Sh11,000 na Sh6,500. Jumla ni Sh21,700, kabla ya riba na faini. Nambari ya kitambulisho ilikuwa yake. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yake. Majina yake yote matatu yalikuwa hapo, hata lile la ubatizo ambalo watu wengi pale mtaani hawalijui.

Mwalimu aliniambia kwamba jambo la kwanza alilohisi ni aibu, wala si hasira. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya walimu wenzake, na alihisi kwamba kila mmoja amesikia. Alijitetea kwa sauti ya chini kwamba pengine kuna mtu mwingine mwenye majina kama yake. Lakini majina hufanana, nambari ya kitambulisho haifanani. Aliondoka bila mkopo, na mtoto akaripoti shuleni kwa kuchelewa wiki moja na nusu, kwa pesa za chama na mbuzi wawili waliouzwa kwa bei ya kutupa.

Nimemweleza msomaji kisa hiki kwa sababu wengi wetu tunapolisikia neno CRB tunadhani linawahusu wakopaji sugu. Tunaliogopa kama zamani watoto walivyoogopa jina la mgambo. Ukweli ni kwamba ikiwa umewahi kukopa benki, kwenye sacco kubwa, HELB au kwa simu, jina lako limo humo tayari, uwe mlipaji mwema au mbaya.

Mashirika haya ya kuhifadhi taarifa za mikopo huendeshwa kwa leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za kwanza zilichapishwa mwaka 2008, na shirika la kwanza likapewa leseni mwaka 2010. Yanayojulikana zaidi ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kazi yao si kukopesha wala kudai. Hupokea taarifa kutoka kwa wakopeshaji, wakaziweka kwenye faili moja chini ya nambari ya kitambulisho chako, na mkopeshaji mwingine akitaka kujua wewe ni mtu wa namna gani anaifungua faili hiyo na kuisoma. Tangu kanuni zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2013, taarifa njema pia huwekwa. Mwaka 2020 kanuni zikabadilishwa tena, na deni lililo chini ya Sh1,000 halikubaliwi tena kumchafulia mtu jina.

Kwa hivyo faili ni kama ile barua ya mzee wa mtaa ambayo zamani ulibeba ukienda kutafuta kazi ugenini. Tofauti ni kwamba barua hiyo uliibeba mwenyewe na uliweza kuisoma njiani. Hii ya siku hizi inakutangulia, na wengi hawajaiona hata siku moja.

Na hapa ndipo ninapowalaumu wasomaji wangu, nami nikiwemo. Sheria inampa kila mtu haki ya kupata ripoti yake ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila shirika. Ni wangapi kati yetu wameitumia haki hiyo? Watu hutafuta karatasi ya CRB siku wanapoambiwa waipeleke kwenye mahojiano ya kazi ya serikali, pamoja na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, cheti cha HELB na cha KRA. Siku hiyo umebakiwa na siku tatu. Ukikuta deni usilolijua, siku tatu hazitoshi hata kupata mtu wa kupokea simu.

Ripoti yenyewe si ngumu kuipata. Kila shirika lina tovuti na programu ya simu, na Metropol pia unaweza kubonyeza *433# hata kwa simu ya kawaida. Utaulizwa nambari ya kitambulisho na mambo machache ya kuthibitisha kwamba ni wewe. Jihadhari na vijana wanaotangaza kwenye mitandao kwamba "watakusafishia CRB" kwa Sh3,000. Hakuna mtu wa nje anayeweza kufuta chochote humo, na utakapompa nambari ya kitambulisho chako na ya siri, utakuwa umempa mwizi ufunguo ukitafuta aliyekuibia kuku.

Ripoti ikifika, wengi hukimbilia alama. Metropol kwa mfano hupima kati ya 200 na 900, na watu hupigiana simu kuambizana mimi nina kadhaa, wewe una ngapi, kama watoto waliopata matokeo ya mtihani. Iache alama kwanza. Anza na ukurasa wa majina. Soma kila nambari ya simu iliyoandikwa hapo na ujiulize kama umewahi kuitumia. Soma anwani, soma mahali pa kazi. Nambari moja ya simu usiyoitambua ni jambo kubwa kuliko alama mbaya, kwa maana mkopo wa simu hauwezi kuchukuliwa bila simu.

Kisha nenda kwenye orodha ya akaunti. Kila mkopo umeandikwa mkopeshaji ni nani, ulifunguliwa lini, ni kiasi gani na umelipwa vipi. Usishtuke ukikuta jina la benki usiyoijua. Mikopo mingi ya simu huwa na benki nyuma yake. M-Shwari iliyoanza Novemba 2012, kwa mfano, ilianzishwa na Safaricom pamoja na benki ya CBA, ambayo tangu 2019 inaitwa NCBA. Linganisha tarehe na ujumbe ulio kwenye simu yako kabla ya kupiga mayowe.

Mwisho tazama sehemu ambayo watu huiruka, nayo ni orodha ya waliokuulizia. Kila mkopeshaji anapoifungua faili yako, alama hubaki. Ukiona kwamba wakopeshaji wanne walikuulizia katika juma moja la Machi, nawe Machi yote ulikuwa shambani Kitale ukipanda mahindi, basi kuna mtu anazunguka na jina lako akibisha milango. Pengine hajafunguliwa bado. Hii ndiyo nafasi nzuri kabisa ya kumnasa, kabla deni halijazaliwa.

Mwalimu wetu aliipata ripoti yake baada ya siku mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na nambari mbili za simu. Moja ilikuwa yake, anayoitumia tangu mwaka 2009. Ya pili hakuikumbuka. Alibonyeza *106#, ambayo hukuonyesha laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo, na nambari ile ngeni ikatokea hapo, imesajiliwa kwa jina lake kamili.

Basi akaamua kuipigia. Aliziandika tarakimu moja moja kutoka kwenye karatasi, akabonyeza, na kabla sauti ya kumwambia mteja hapatikani haijaanza, simu yake ikaandika jina la mwenye nambari. Ilikuwa imehifadhiwa humo. Lilikuwa jina la mtoto wa kaka yake.

Kijana huyo, wakati huo akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa ameishi kwa mwalimu miaka miwili akisoma chuo cha ufundi. Alipomaliza akakosa kazi, akapata kibarua cha kuuza laini za simu chini ya mwavuli karibu na kituo cha matatu. Mwaka 2022, sote tunakumbuka, watu waliambiwa wasajili laini zao upya la sivyo zingefungwa. Foleni zilikuwa ndefu. Kijana akasema, "Shangazi, ya nini kupanga foleni na mimi niko? Kaa hapa mlangoni kwenye mwanga, shika kitambulisho nikupige picha." Akampiga mbele, akakipiga kitambulisho nyuma na mbele. Shangazi akampikia chai.

Kwa picha hizo alisajili laini ya shangazi, na akasajili na nyingine. Baada ya miezi michache akamwandikia, "Shangazi nimebadilisha nambari, hii ndiyo mpya," naye akaihifadhi bila kufikiria. Kwa laini hiyo kijana akakopa Sh500 akalipa. Akakopa Sh1,000 akalipa. Hivyo ndivyo mikopo ya simu ilivyo, hukupandisha ngazi kidogo kidogo kadiri unavyolipa. Alipofika juu akachukua mitatu kwa mpigo, pesa zikaenda kwenye kamari ya kandanda, na laini akaizima.

Huenda msomaji anauliza, je, mkopeshaji hakutakiwa kutoa notisi? Alitakiwa. Kanuni zinasema mkopaji apewe notisi ya angalau siku 30 kabla ya jina lake kupelekwa CRB kwa ubaya. Nayo notisi ilitumwa. Lakini ilitumwa wapi? Kwa nambari ileile iliyokuwa imezimwa, ndani ya droo ya kijana. Ndiyo maana mwenye jina huwa wa mwisho kujua.

Nimeongea na watu kadhaa kuhusu jambo hili na kila mmoja alianza kwa kunisimulia matapeli wa mbali, wale wanaopiga simu na kusema wametuma pesa kimakosa, wengine wakipiga wakiwa ndani ya gereza. Hao wapo, na wametuumiza. Wapo pia wanaobadilisha laini yako: unaamka simu haina mtandao, unadhani ni hitilafu, kumbe kuna mtu ameenda kwa jina lako akapewa laini mpya yenye nambari yako, na sasa kila ujumbe wa benki unaingia kwake. Simu yako ikikosa mtandao ghafla huku za wenzako pale nyumbani zinafanya kazi, usingoje jioni. Azima simu, pigia kampuni yako na benki yako saa hiyohiyo. Wateja wa Safaricom wanaweza pia kubonyeza *100*100# ili laini yao isibadilishwe kwingine isipokuwa kwenye duka la kampuni hiyo.

Lakini wa karibu ndio wanaotuponza zaidi, kwa sababu tuko tayari kuwapa. Nambari ya siri ya M-Pesa ya nyanya iko kwa mjukuu, kwa kuwa nyanya haoni vizuri. Kitambulisho cha mama kinabebwa na mfanyakazi wa nyumbani kwenda kuchukua kifurushi. Bwana anajua tarehe ya kuzaliwa ya bibi, na tarehe hiyo ndiyo nambari ya siri. Na kuna kijana wa saiba. Yeye ndiye aliyekufungulia akaunti ya KRA, akakuundia barua pepe, akachagua neno la siri na kuliandika kwenye daftari lake, na kila Juni unarudi kwake akujazie ripoti ya ushuru kwa sababu hata wewe mwenyewe huijui hiyo barua pepe. Simtuhumu kijana wa saiba. Wengi wao ni waaminifu kuliko wakubwa wengi. Lakini daftari lile hulala pale mezani, na saiba huingiwa na kila mtu.

Juni 2021 nchi nzima ilipata funzo. Wananchi walianza kuangalia kwenye mtandao wa eCitizen kama wameandikishwa katika chama chochote cha kisiasa, na maelfu wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hata hawajawahi kuvipigia kura. Mtaani tulicheka sana siku hizo. Mzee mmoja pale kwetu aligundua kwamba yeye na hasimu wake wa miaka ishirini wako chama kimoja. Lakini ukiacha kicheko, swali lilibaki: nambari zile za vitambulisho zilitoka wapi? Wengi walinyosha kidole kwa vitabu vya mabawabu na vya mawakala wa pesa. Malalamiko yaliyofika katika ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data yalikuwa mamia.

Kuna dalili nyingine ndogo ambazo watu huzipuuza. Ukipata ujumbe wenye nambari ya kuthibitisha ambao hukuuomba, kuna mtu anajaribu kuingia mahali kwa simu yako. Usimsomee yeyote atakayekupigia akiiomba, hata akijiita ofisa wa benki. Ukipigiwa simu na mdai akikuambia ulipe deni la mtu, usimkatie tu kwa matusi. Muulize anamdai nani, na jina lako amelipata wapi. Mara nyingi utakuta umetajwa kama mdhamini na mtu aliyekuwa na nambari yako tu, na hilo ni kosa la mkopeshaji. Mwaka 2023 ofisi hiyo ya kamishna ilimtoza faini ya karibu Sh3 milioni mkopeshaji mmoja wa simu kwa kutumia majina na nambari za watu waliopatikana kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Na ukikopa kwa mahali ulipozoea ukakataliwa, au kiwango chako kikashuka ghafla ilhali umekuwa ukilipa, usinung'unike peke yako. Uliza sababu.

Turudi kwa mwalimu, maana tulimwacha ameshika simu.

Alimpigia kaka yake jioni hiyo. Kaka hakubisha, alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Tulilipe hili deni tulimalize, mambo ya nyumbani yasitoke nje." Jumamosi wakakutana nyumbani kwa mama yao. Kijana alikuwepo, kichwa chini. Alikiri kila kitu. Mama mzazi akalia. Kaka alikuwa tayari kuuza ndama, na kila mtu pale alimtazama mwalimu wakingoja aseme ndiyo.

Hapa, msomaji, ndipo penye ugumu ambao hauandikwi kwenye vipeperushi vya benki. Ukilipa deni ambalo mtu amekopa kwa jina lako, umekubali kwamba ni lako. Litaandikwa limelipwa, vyema, lakini historia kwamba ulishindwa kulipa kwa wakati hubaki kwenye faili miaka mitano tangu siku ya kulipa. Ili lifutwe kabisa ni lazima useme kwamba hukukopa wewe, na ukisema hukukopa, utaulizwa ni nani. Polisi wataandika. Kutumia kitambulisho au nambari ya siri ya mtu kwa hila ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Mwalimu alibakiwa na miaka tisa kabla ya kustaafu. Alikuwa amepanga kukopa mara mbili zaidi, mara ya kumalizia nyumba na mara ya chuo cha mtoto. Aliwaambia hivyo. "Sitaki kumfunga," akasema, "lakini jina langu sitalitia sahihi ya mwizi." Kaka akaondoka bila kuaga.

Jumatatu alienda kituo cha polisi akaandikisha taarifa, akapewa nambari ya kitabu cha matukio na abstrakti. Akaapa hati ya kiapo kwa wakili. Kisha akaenda kwenye duka la kampuni ya simu, akiwa na kitambulisho mkononi, akaikana laini ile na ikafungwa. Wakati huohuo akawaandikia wakopeshaji wawili waliohusika, na shirika la CRB, akiwaambatishia nakala za kila karatasi na kuwaeleza ni mkopo upi, wa tarehe ipi, anaoukana. Barua zote alizitia muhuri wa kupokewa na nakala akabaki nazo. Kwa hilo ualimu ulimsaidia. Mtu asiyezoea kuhifadhi karatasi angechoka wiki ya kwanza.

Shirika la CRB likipokea malalamiko ya namna hiyo haliwezi kuyaweka kabatini. Hutakiwa kuweka alama kwenye faili kwamba taarifa hiyo inabishaniwa, na kumtaka mkopeshaji achunguze na kujibu katika siku chache za kazi zilizowekwa na kanuni. Mkopeshaji mmoja alijibu upesi. Wa pili alimzungusha. Alipigiwa simu na watu watatu tofauti, kila mmoja akianza upya, mmoja akimwambia alipe kwanza kisha alalamike. Usikubali hilo. Ukiona unazungushwa, una mahali pawili pa kwenda: Benki Kuu, ambayo tangu Machi 2022 ndiyo inayowapa leseni hata wakopeshaji wa simu wasio benki, na ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 inapaswa kuyamaliza malalamiko katika siku 90. Mwalimu alipotaja tu kwamba barua ya kwenda kwa kamishna iko tayari, mkopeshaji yule akapata adabu.

Kabla sijaendelea, niwaambie na wale wenzetu wachache wanaosikia habari hizi na kuona upenyo. Kuna watu waliokopa wenyewe, wakala wenyewe, na sasa wanataka kusema waliibiwa jina. Wakopeshaji wana kumbukumbu ya simu iliyotumika, mahali na pesa zilikokwenda. Ukiandika taarifa ya uongo kituoni umejiongezea kosa jingine juu ya deni.

Kijana aliitwa na polisi, akaandika taarifa yake, akalala ndani usiku mmoja. Baba yake alienda kumtoa. Pesa za wakopeshaji zililipwa na kijana mwenyewe kwa makubaliano, kwa jina lake mwenyewe safari hii, na mwalimu akamwambia ofisa wa polisi kwamba hangependa kuendelea kortini. Alipata kazi ya mjengo Ruiru na huko ndiko aliko.

Mwalimu naye amebadilika katika mambo madogo ambayo mimi kama jirani nimeyaona. Nakala ya kitambulisho anayoitoa huiandika juu kwa wino, "kwa ajili ya shule tu" au "kwa ajili ya stima tu," pamoja na tarehe. Iliyoharibika huichana mwenyewe. Kitambulisho hakiachi kwa bawabu. Akiambiwa akiache hutoa kadi ya maktaba, na mara nyingi bawabu huipokea bila kuuliza. Akikipoteza, alishaniambia, atakwenda polisi siku hiyohiyo kuchukua abstrakti, si siku atakayohitaji kitambulisho kingine, kwa kuwa tarehe ya abstrakti ndiyo itakayomwonyesha kila mtu kwamba baada ya hapo si yeye. *106# huibonyeza kila mwisho wa mwezi akipata mshahara. Na ripoti ya CRB huiomba kila Januari, shirika moja baada ya jingine.

Aliponionyesha ripoti ya Mei 2024, ukurasa wa kwanza ulikuwa na nambari moja tu ya simu. Ile mikopo mitatu haikuwepo tena. Alikuwa ameikunja mara nne na kuiweka ndani ya bahasha ya barua ya kuajiriwa kwake.

Kaka yake hakumpigia simu kwa miezi kumi. Desemba alikuja bila taarifa, na mkungu wa ndizi begani, akaukalisha jikoni na kuomba maji ya kunawa. Walikula pamoja. Habari ya kijana haikutajwa, isipokuwa kaka alipokuwa akiondoka, aliuliza kama karo ya mtoto ya muhula wa kwanza imeshapatikana.